George Westinghouse na breki inayojifunga upepo ukiisha

Zamani treni za Marekani zilisimamishwa na watu waliotembea juu ya mabehewa, wakizungusha gurudumu la breki la kila behewa kwa mikono. Wengi walianguka na kufa. George Westinghouse, aliyezaliwa mwaka 1846 katika jimbo la New York na kujifunza ufundi kwenye karakana ya baba yake, aliona hilo haliwezi kuendelea.

Mwaka 1869, akiwa na miaka 22, alipata hataza ya breki ya upepo. Pampu kwenye injini ilisukuma upepo kupitia bomba, na dereva akafunga breki zote peke yake. Kasoro ilikuwa moja, tena mbaya: bomba likipasuka au mabehewa yakikatika, breki hakuna, na dereva hajui mpaka atakapotaka kusimama.

Mwingine angetafuta bomba gumu zaidi. Westinghouse, mwaka 1872, aligeuza kazi yenyewe ya upepo. Kila behewa lilipata tangi lake na vali. Presha ya kwenye bomba sasa ndiyo iliyozuia breki zisifunge. Ikishuka, iwe dereva ameitoa au bomba limepasuka, vali inaachia upepo wa tangi na breki zinakamata. Behewa lililokatika linasimama lenyewe.

Malori yetu yana springi badala ya tangi hilo, lakini wazo ni lile lile: upepo unaibana springi, ukivuja springi inafunga magurudumu ya nyuma. Ndiyo maana lori huganda njiani na mzigo wa nyanya ukaharibika. Inauma. Lakini fundi anayeifunga springi kwa bolti ili safari iendelee na mzigo amewaondolea dereva na utingo kinga yao ya mwisho mteremkoni.

Kazi haikuishia hapo. Katika majaribio ya Burlington, Iowa, mwaka 1886 na 1887, treni za mizigo za mabehewa 50 zilionyesha kuwa breki za nyuma zilichelewa, na mabehewa yakagongana kwa kishindo. Westinghouse alirudi na vali ya haraka zaidi. Mwaka 1893 sheria ya Marekani ililazimisha treni kutumia breki zinazoendeshwa kutoka kwenye injini.

Alifariki mwaka 1914, miaka kadhaa baada ya kupoteza usimamizi wa kampuni yake ya umeme. Kampuni ya breki ilibaki mikononi mwake.