Fujita: Jamaa aliyefuata nyayo za upepo

Kama unaishi Kayole, Dandora ama Mukuru, unaijua mvua ya jioni inavyokuja. Joto linabana mchana kutwa, wingu linakuwa jeusi, halafu upepo baridi unafika hata kabla ya tone la kwanza. Mabati yanapiga kelele, nguo zinatoka kwa kamba, na kuna siku paa la mtu linapatikana ploti ya jirani.

Upepo huo unaoshuka kutoka kwa wingu ulichunguzwa na Mjapani mmoja ambaye wenzake walimbandika jina Mista Tonado. Anaitwa Tetsuya Fujita, na stori yake ni ya mtu aliyeangalia vitu ambavyo wengine walivikanyaga na kupita.

Alizaliwa Oktoba 23, 1920, kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Kufikia 1945 alikuwa kijana anayefundisha fizikia chuoni, karibu na mji wa Kokura. Agosti 9 mwaka huo ndege ya Marekani ilikuja kuangusha bomu la atomiki Kokura. Mawingu na moshi vilikuwa vimefunika mji, shabaha haikuonekana, basi ndege ikaelekea Nagasaki. Yaani Fujita aliponea kwa sababu ya hali ya anga.

Wiki chache baadaye alitumwa Nagasaki kuangalia uharibifu. Makaburini alikuta vyombo vya mianzi vya kuwekea maua, vimeungua upande mmoja tu. Akapima alama hizo na kukadiria bomu lililipukia wapi hewani na kwa urefu gani. Aliona pia jinsi miti ilivyolala chini, yote ikielekea nje kutoka sehemu moja, mfano wa miale ya nyota. Weka hiyo picha akilini, tutairudia.

Vita vilipoisha akaanza kufuatilia mvua za radi akiwa kwenye kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Seburi. Akagundua kwamba ndani ya dhoruba hewa haipandi tu, kuna nyingine inayoporomoka kwa nguvu. Halafu ikamfikia ripoti ya profesa wa Chicago, Horace Byers, iliyozungumzia jambo hilo hilo. Unajua ilitoka wapi? Kwa taka za kituo cha rada cha Wamarekani pale mlimani. Mtu wa Dandora hawezi kushangaa sana: taka ya mmoja ni riziki ya mwingine. Fujita alimwandikia Byers, na 1953 akaingia Chuo Kikuu cha Chicago.

Huko ndiko alikokutana na tonado, ule mzunguko mkali wa hewa unaoning'inia kutoka kwa wingu hadi ardhini. Chamchela ya vumbi unayoiona uwanjani ni mtoto mdogo sana mbele yake. 1957 tonado ilipopiga mji wa Fargo, alikusanya picha na filamu za wakazi, akazipanga dakika kwa dakika mpaka akajua dhoruba ilivyotembea. 1971 akatoa kipimo chake, F0 hadi F5. Hakuna chombo kingeweza kukaa katikati ya tonado kikabaki salama, kwa hivyo alikadiria kasi ya upepo kwa kusoma nyumba na miti iliyovunjwa.

Mtihani mkubwa ulikuja Aprili 3 na 4, 1974. Ndani ya saa 24 hivi, tonado 148 zilipiga majimbo 13 ya Marekani na kuua zaidi ya watu 300. Mji wa Xenia, Ohio, ulisambaratishwa.

Kwa nini nyingi hivyo kwa mpigo? Hewa ya joto yenye unyevu ilipanda kutoka Ghuba ya Meksiko, juu yake ikapita hewa kavu na baridi kutoka magharibi. Upepo wa juu ulikuwa na kasi na mwelekeo tofauti na wa chini, na tofauti hiyo ndiyo inayoifanya dhoruba izunguke. Sisi tuko karibu na ikweta, mapambano ya hewa namna hiyo ni nadra, ndiyo maana tunapata radi nyingi na tonado chache mno.

Fujita alizunguka juu ya uharibifu kwa ndege ndogo, akapiga picha na kuchora ramani. Katika msitu mmoja aliona miti imelala kama miale ya nyota, sawa na Nagasaki. Tonado huacha alama za mzunguko. Hii ilikuwa hewa iliyoanguka kwa kishindo na kutawanyika.

Juni 24, 1975 ndege ya abiria ilianguka ikijaribu kutua New York wakati wa radi. Watu 113 walifariki. Fujita alichambua data na kusema ni hewa hiyo inayoporomoka: kwanza inaisukuma ndege kutoka mbele, kisha ghafla kutoka nyuma, nayo inakosa nguvu ya kubaki juu. Wataalamu wengi walimbishia. 1978 rada karibu na Chicago zikaonyesha hakuwa anaota. Baada ya ajali nyingine ya Dallas mwaka 1985 iliyoua watu 137, Marekani ililazimisha ndege za abiria ziwe na mitambo ya onyo, na marubani wakafunzwa kukabili upepo huo.

Tonado yenyewe aliiona kwa macho yake mara ya kwanza 1982, akiwa na miaka 61. Alifariki Novemba 19, 1998.

Kwa hivyo ukiwa Pipeline mvua inapiga, uone ndege inayotua JKIA imekata shauri na kupanda tena, usiseme rubani ni mwoga. Huyo amesoma somo lililolipiwa kwa maisha ya watu. Na radi ikianza, toka chini ya mabati yaliyolegea, mwambie fundi ayapigilie misumari kabla ya mvua ijayo. Upepo haungoji.