Carl Laemmle: Mhamiaji aliyeufungulia umma milango ya filamu

MAMILIONI ya watu huzuru kila mwaka bustani ya burudani ya Universal Studios Hollywood, nchini Marekani, kujionea jinsi filamu zinavyotengenezwa. Ni wachache wanaomkumbuka mwanzilishi wa ziara hizo, Carl Laemmle, aliyeingia nchini humo akiwa kijana asiye na mali.

Laemmle alizaliwa Januari 17, 1867 katika mji mdogo wa Laupheim, kusini mwa Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Mnamo 1884, akiwa na umri wa miaka 17 na akiwa amefiwa na mamake, alivuka bahari hadi New York. Baada ya kuhangaika na vibarua kwa miaka mingi, alipata kazi ya kusimamia duka la nguo katika jimbo la Wisconsin.

Mwaka wa 1906 aliiacha kazi hiyo na kufungua jumba dogo la sinema mjini Chicago, ambapo kiingilio kilikuwa senti 5.

Punde si punde alijikuta vitani. Kuanzia 1908, biashara ya filamu ilidhibitiwa na muungano wa kampuni ulioongozwa na ile ya mvumbuzi Thomas Edison. Laemmle alikataa kuupigia magoti. Alianza kutengeneza filamu zake mwenyewe mnamo 1909, akaburutwa mahakamani mara nyingi, na mwaka wa 1912 akaungana na wenzake kuunda kampuni ya Universal. Mnamo 1915 mahakama iliamua kwamba muungano huo ulikiuka sheria.

Machi 15 mwaka uo huo, Laemmle alifungua Universal City, mji wa filamu uliojengwa karibu na Los Angeles. Badala ya kuwafungia mashabiki nje, aliwakaribisha ndani. Kwa senti 25, mgeni alipata chakula cha mchana na mahali pa kuketi akiwatazama waigizaji kazini. Kwa vile filamu za enzi hizo hazikuwa na sauti, vicheko na shangwe havikuharibu chochote.

Hata hivyo, sauti ilipoingia katika filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, studio zilihitaji kimya na ziara zikakoma. Mwaka wa 1936 Laemmle mwenyewe aliipoteza kampuni yake kutokana na mkopo uliochukuliwa filamu ya Show Boat ikitengenezwa.

Lakini bado alikuwa na mlango mmoja wa kufungua. Wanazi walipoanza kuwatesa Wayahudi nchini Ujerumani, alitia saini hati za kuwadhamini mamia ya watu, wengi wao kutoka Laupheim na viunga vyake, ili waruhusiwe kuingia Marekani. Maafisa walipoanza kutilia shaka dhamana zake kwa sababu ya uzee wake, aliwasihi matajiri wenzake wajitokeze kusaidia.

Alifariki Septemba 24, 1939, majuma matatu baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuanza.

Ziara za studio zilirejeshwa mwaka wa 1964, na kutokana nazo ikachipuka bustani ya leo. Lakini urithi wake mkubwa zaidi ni vizazi vya familia zilizonusurika kwa saini yake.