Antonio de Nebrija na sarufi ambayo hakuna aliyeiomba

Nilipoandikishwa katika masomo ya Kihispania, baba mdogo aliniuliza swali moja tu: itakusaidia nini? Sikuwa na jibu. Mwaka wa pili, katika kozi ya historia ya lugha, nikagundua kwamba swali hilo lilikwisha kuulizwa na malkia, na aliyeulizwa ndiye mtu aliyetufungulia njia sisi sote tunaosoma lugha hii. Tangu siku hiyo nimemfuatilia Antonio de Nebrija, na nataka kusimulia maisha yake kwa namna ninavyoyaona.

Alizaliwa Lebrija, mji mdogo karibu na Sevilla, katika mwaka ambao wataalamu hawapatani: wengine 1441, wengine 1444. Jina la nyumbani lilikuwa Antonio Martínez de Cala. Baadaye alijiita kwa jina la mji wake, akaongeza mbele Elio, jina la Kirumi alilolikuta kwenye mawe ya kale ya sehemu zile. Alitaka sana kuwa Mrumi. Alisoma Salamanca, kisha kwa maelezo yake mwenyewe akaenda Italia akiwa na miaka 19, katika koleji ya Wahispania ya Bologna. Anasema alikaa huko miaka kumi, ingawa wanaohesabu wanaona ni pungufu. Vijana wengine walikwenda kutafuta sheria na vyeo vya kanisa. Yeye alirudi na Kilatini safi, akaazimia kukifukuza Kilatini kibovu alichosema ndicho kilichotawala vyuo vya Uhispania.

Mwaka 1481 akachapisha Salamanca kitabu chake cha Kilatini, Introductiones latinae. Kilienea haraka na kuchapwa tena na tena. Leo tungesema ndiyo silabusi iliyouzwa kuliko zote. Angeweza kuishia hapo, ana jina na ana mshahara. Lakini aliacha ualimu, akapata ulinzi wa Juan de Zúñiga, mkuu wa shirika la mashujaa wa Alcántara, ili apate nafasi ya kuandika.

Sasa tufike 1492. Januari Granada imeanguka, Machi Wayahudi wametolewa amri ya kuhama, tarehe 3 Agosti Columbus ameng'oa nanga. Tarehe 18 Agosti, Salamanca, inamalizika kuchapwa Gramática de la lengua castellana. Kwenye dibaji Nebrija anasimulia kwamba alipomwonyesha malkia Isabel mfano wa kazi hiyo, malkia alitaka kujua faida yake. Watu walijifunza sarufi ya Kilatini kwa sababu Kilatini hakikuwa lugha ya nyumbani. Lugha uliyonyonya kwa mama, sarufi ya nini? Askofu wa Ávila alijibu badala ya mwandishi: watu watakaoshindwa vitani watahitaji kujifunza lugha ya mshindi. Nebrija mwenyewe anaiweka lugha bega kwa bega na dola.

Hapo ndipo ninapogombana naye. Kwa mwanafunzi wa Kongo, ambaye alianza kusoma darasani kwa lugha iliyoletwa na dola, maneno hayo si historia ya mbali. Wengi husema alikuwa akiiwazia Amerika, lakini hilo haliwezekani: Agosti ile hakuna aliyejua kwamba Amerika ipo. Hata hivyo, kutokuijua Amerika hakumsafishi. Alilitambua jambo, akalitoa kama zawadi kwa wenye nguvu.

Lakini nikifungua sarufi yenyewe, hasira yangu inapungua. Mfano mmoja. Katika he leído, neno leído halibadiliki: asome mwanamke au mwanamume, kitabu kimoja au kumi. Kilatini kilimfundisha kwamba neno la namna hiyo hufuata jinsia na idadi. Mwingine angelazimisha Kikastilia kiingie katika kalibu ya Kilatini. Nebrija alisikiliza watu wanavyosema, akalipa neno hilo aina yake ya pekee, na hivyo aina za maneno zikawa kumi. (Sisi tunaoteswa na kanuni hiyo katika Kifaransa tunajua ni jambo zito.) Katika tahajia pia alifuata sikio: andika unavyotamka.

Sikio hilohilo lilimtia matatani. Alianza kuchunguza maneno ya Biblia ya Kilatini kwa kuyalinganisha na Kigiriki na Kiebrania. Diego de Deza, mkuu wa Inkwizisyo, akamnyang'anya karatasi zake. Nebrija hakunyamaza, aliandika utetezi, akidai kwamba mwanasarufi ana haki ya kusema neno fulani limenakiliwa vibaya, hata kama liko katika Maandiko. Aliponea kwa kuwa Deza aliondoka na kardinali Cisneros akashika nafasi yake. Hata na Cisneros hawakupatana juu ya Biblia ya lugha nyingi iliyotengenezwa Alcalá: Nebrija alitaka Kilatini kisahihishwe, kardinali akakataa, naye akajitoa.

Mwaka 1513, mzee wa karibu miaka 70, aligombea kiti cha sarufi Salamanca, chuo alichokipa sifa. Akashindwa na kijana. Alihamia Alcalá, ambako Cisneros alimpa kiti cha ufasaha. Inasimuliwa kwamba aliagiza mzee afundishe apendacho, na asipopenda asifundishe, kwani mshahara ule ni deni la Uhispania kwake. Hapo akachapisha kanuni za tahajia mwaka 1517, na hapo akafa, tarehe 2 Julai 1522.

Sarufi yake ya Kikastilia haikununuliwa. Juan de Valdés, aliyeandika juu ya lugha hiyohiyo mnamo 1535, alimdharau kwa kuwa ni mtu wa Andalusia, kisha akakiri kwamba hakuisoma. Kamusi zake ndizo zilizosafiri. Huko Mexico, Alonso de Molina aliifuata orodha yake ya maneno katika kamusi ya Kinahuatl ya 1555. Katika ufalme wa Kongo Wakapuchini walifika mwaka 1645, na baada ya miaka michache ikawapo kamusi ya mkono yenye Kilatini, Kihispania na Kikongo, safu tatu ubavu kwa ubavu. Mwaka 1659 Giacinto Brusciotto akachapisha Roma sarufi ya Kikongo, akiwa ameona kwamba majina yake huenda kwa ngeli, jambo ambalo Kilatini hakina. Wakati huo ile Gramática ya 1492 ilikuwa bado haijachapwa mara ya pili.