Thomas Nast: Mchoraji Aliyempeleka Baba Krismasi Vitani

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Thomas Nast hakuiacha mila ya kwao. Aliihamishia ugenini, na vita vya huko ugenini vikaibadilisha sura.

Nast alizaliwa mwezi Septemba 1840 mjini Landau, Ujerumani. Watoto wa eneo hilo walimngoja kwa hamu na hofu Pelznickel, mzee mwenye mavazi ya manyoya aliyewatuza watiifu na kuwaadhibu watundu. Mnamo mwaka wa 1846, mamaye alihamia New York pamoja naye. Masomo yalimtatiza Nast, lakini kuchora alikujua. Angali kijana wa miaka 15, aliajiriwa na gazeti kuwa mchoraji.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka wa 1861, Nast, aliyeuchukia utumwa, alipigana kwa kalamu. Katika toleo la jarida la Harper's Weekly la tarehe 3 Januari 1863, alimchora Baba Krismasi kambini, amevaa nguo zenye nyota na milia ya bendera, akiwagawia zawadi wanajeshi wa Kaskazini. Mkononi alishika kikaragosi cha Jefferson Davis, kiongozi wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, kikiwa na kamba shingoni. Mgawaji zawadi alikuwa amechagua upande. Watoto wa Kusini hawakuwa na fungu katika mchoro huo.

Vita vilikoma mwaka wa 1865. Kwa miaka mingi baadaye Nast aliendelea kumchora mzee huyo, akampa kitambi, ndevu nyeupe, karakana ya vichezeo na makao katika Ncha ya Kaskazini, mbali na mipaka ya pande zote mbili zilizopigana. Kamba na kikaragosi vikasahaulika. Ndevu na tabasamu vikabaki.

Kalamu iyo hiyo ilichangia kumwangusha William Tweed, mwanasiasa aliyefuja fedha za jiji la New York. Hata hivyo, Nast mwenyewe alifilisika mwaka wa 1884, kampuni aliyowekeza fedha zake ilipoporomoka. Mwaka wa 1902, akitafuta riziki, alikubali kazi ya balozi mdogo wa Marekani mjini Guayaquil, Ekwado. Homa ya manjano ilimuua huko tarehe 7 Desemba mwaka huo, siku moja tu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, ambaye jina lake limo katika jina la Pelznickel wa utotoni mwake.