Alan Turing, aliyesema na mashine kwa lugha yake

Mkulima wa Moi's Bridge, kwenye njia ya Eldoret kwenda Kitale, akiisha kuuza magunia yake ya mahindi, aweza kulipwa kwa simu ya mkononi. Kidole hugusa, fedha huingia. Ni wachache wanaowakumbuka waliokesha ili jambo hilo liwezekane. Mmoja wao ni hayati Alan Turing.

Alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Mwaka 1936, akiwa kijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alithibitisha kwa hesabu kwamba mashine moja yaweza kufanya kazi ya mashine nyingi, maadamu imepewa maagizo yaliyoandikwa sawasawa. Mashine yenyewe haikuwako bado.

Vita vya 1939 vilimpeleka Bletchley Park, huko huko Uingereza, kufumbua mafumbo ya Wajerumani. Nasi watu wa Mombasa tusidhani habari hizi ni za mbali: mwaka 1942 wafumbuzi wa jeshi la majini la Uingereza waliweka kituo katika shule ya Allidina Visram, wakishughulikia mafumbo ya Wajapani.

Mwaka 1948 Turing alikwenda Chuo Kikuu cha Manchester, ambako kompyuta ya kwanza ya kuhifadhi maagizo yake ndani ilikuwa imeanza kazi mwezi Juni. Kompyuta ile haikujua neno la binadamu, ila moja na sifuri. Maagizo yalitobolewa katika utepe wa karatasi, nafasi tano kwa kila alama. Tarakimu ndogo ilitangulia kushoto, basi msomaji alianzia kulia, kama asomaye Kiarabu. Tundu moja likikosewa, kazi yote huharibika, kama shairi lililopungukiwa na mizani. Juni 1950 aliiendesha tangu alasiri hata asubuhi, akichunguza fumbo la hesabu. Mwaka 1951 kikatoka kitabu chake cha kuwafundisha wengine.

Mwaka 1952 alihukumiwa kwa uhusiano na mwanamume mwenziwe, jambo lililokuwa jinai huko. Alikubali kutiwa dawa za homoni badala ya kifungo, na kazi za siri za serikali akafungiwa. Tarehe 7 Juni 1954 alikufa kwa sumu, umri wake miaka 41.

Serikali iliomba radhi mwaka 2009, na msamaha wa Malkia ukatoka 2013. Lakini radhi hupokewa na aliye hai. Sisi tunaogusa simu kila siku, tuliyobakiwa nayo ni kumtaja kwa haki.