Rembrandt, Mchoraji wa Uholanzi

Katika mji wa Leiden, nchi ya Uholanzi, alikuwako msagaji mmoja mwenye kinu kilichoendeshwa kwa nguvu ya upepo. Mwaka wa 1606 alizaliwa kwake mtoto wa tisa, akaitwa Rembrandt. Wazazi wake walitaka awe mtu wa elimu, wakampeleka shule ya Kilatini, na mwaka wa 1620 jina lake likaandikwa katika chuo kikuu cha mji ule. Lakini moyo wa kijana haukuwa vitabuni. Ulikuwa katika picha. Basi akawekwa kwa fundi mchoraji, akakaa naye kama miaka mitatu. Kisha akaenda Amsterdam, akajifunza miezi sita kwa Pieter Lastman, aliyekuwa hodari wa kuchora visa vya kale.

Alipoanza kazi yake mwenyewe alichora kwa uangalifu mwingi. Rangi aliipaka laini hata alama za burashi zisionekane, na mtazamaji aliweza kuona nakshi za ukosi na nywele za ndevu. Walakini tangu mwanzo alikuwa na siri yake, nayo ni mwanga. Aliiacha sehemu kubwa ya picha gizani, akatia nuru mahali pamoja, usoni au mkononi, na jicho la mtazamaji likaenda pale pale.

Mwaka wa 1632, huko Amsterdam, alichora picha ya Daktari Tulp akiwafundisha matabibu viungo vya mwili. Wachoraji wengi walizoea kuwapanga watu safu kama sahani kabatini. Yeye aliwachora wameinama, wamekaza macho, kila mtu na fikira zake. Sifa zake zikaenea, matajiri wakaja mlangoni, na wanafunzi wakawa wengi. Mwaka wa 1634 akamwoa Saskia, na mwaka wa 1639 akanunua nyumba kubwa kwa gilda 13,000, hali fedha hizo hakuwa nazo zote.

Mwaka wa 1642 ulimletea fahari na msiba. Alimaliza picha kubwa ya kikosi cha walinzi wa mji, iitwayo Zamu ya Usiku. Watu wake hawakusimama kimya; wanajipanga kuondoka, huyu apiga ngoma, huyu ashindilia bunduki. Mwaka ule ule Saskia akafa, akaacha mtoto wao Titus ambaye hajatimiza mwaka.

Miaka ilivyopita, mkono wa Rembrandt ulizidi kubadilika. Alipunguza madoido, akatafuta yaliyomo ndani ya mtu. Rangi akaipaka nene, pengine kwa kisu, hata ikatokeza kama udongo uliokandikwa ukutani. Ukikaribia picha zile huoni ila madonge ya rangi. Ukirudi nyuma hatua chache, waona mkono wa vazi la dhahabu ukimetameta.

Alijaribu vivyo hivyo katika mabamba ya shaba. Kwanza alipaka bamba nta, akachora kwa sindano, kisha tindikali ikala shaba mahali palipochorwa. Bamba likatiwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi, na picha moja ikatoka mara nyingi. Baadaye alikwaruza shaba yenyewe kwa sindano, bila tindikali, akapata mistari mizito kama mahameli. Hivyo ndivyo alivyofanya picha ya Misalaba Mitatu, mwaka wa 1653. Miaka ikapita, akalikwangua bamba lile na kulichora tena, hata watu wengi wakazama katika giza.

Lakini matajiri wa Amsterdam walikuwa wamependa picha laini na angavu, na baadhi ya wanafunzi wake wa zamani waliwapa walichotaka. Rembrandt naye alikuwa mtumiaji asiyehesabu, akinunua silaha, sanamu na vitu vya nchi za mbali. Mwaka wa 1656 alishindwa kulipa madeni. Mali yake ikauzwa, na mwaka wa 1658 nyumba pia. Mwaka wa 1662 picha aliyoagizwa kwa jumba la mji ilitundikwa kitambo kidogo, kisha akarudishiwa. Akaikata, na kipande kilichobaki kiko Stockholm.

Angeweza kurudia uchoraji laini, kwani ndiko alikoanza. Hakurudi. Hendrickje, mwanamke aliyeishi naye baada ya Saskia, alikufa mwaka wa 1663, na Titus mwaka wa 1668. Katika miaka hiyo ya mwisho alichora picha ya mwana mpotevu aliyerudi kwao. Baba mzee ameinama, mikono yake i juu ya mabega ya mwanawe, na nguo za kijana zimechakaa. Hapana mbwembwe, wala maneno hayahitajiwi.

Maisha yake yote alikuwa akijichora uso wake mwenyewe, na hata mwaka wa 1669 alifanya hivyo, nywele zikiwa nyeupe na mashavu yamelegea, bila kujipamba. Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule alikufa, akazikwa katika kaburi lisilo na jina. Waliomwacha walidhani amesahau kazi yake. Kumbe alikuwa angali akijifunza.