Sultani Simba wa Witu: Jamaa Aliyekaribisha Watoro, Kisha Wazungu Wakapiga Dili na Mji Wake

Ukipanda basi la Mombasa kwenda Lamu, kabla ufike Mokowe kushika boti unapita kamji kanaitwa Witu. Najua hapo huwa umelala ama uko kwa simu. Safari ijayo amka ucheki nje, juu hapo kulikuwa na sultani.

Jina lake Ahmed, lakini watu walimjua kama Simba. Alikuwa wa ukoo wa Nabahani, masultani waliotawala kisiwa cha Pate miaka na mikaka. Shida ni kwamba enzi zake, Mabusaidi wa Zanzibar walikuwa wameshika karibu pwani yote, na Pate ikaenda. Simba akakataa kupiga magoti. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 akajichimbia Witu, upande wa bara, ndani ya msitu ambao wanajeshi wa Zanzibar walipata taabu kuuingia.

Sasa jiweke kwa viatu vyake... ama tuseme makubadhi yake. Wewe ni sultani bila kisiwa na jeshi lako ni dogo. Unaanza na nani?

Simba alianza na watu ambao wenye nguvu waliwaita mali yao. Mashamba ya Malindi, Mombasa na Lamu yalilimwa na watumwa, na waliochomoka waliitwa watoro. Ukifika Witu, Simba alikupokea. Unapata mahali pa kukaa na kulima, na aliyekumiliki akija kukudai anarudi mikono mitupu. Deni lako lilikuwa moja tu: vita ikianza, unashika silaha. Hivyo ndivyo mji ukakua.

Lakini usimfanye malaika, buda. Watu wake walivamia majirani, na utumwa wenyewe haukuisha Witu.

Zanzibar haikumwacha apumue, so Simba akaanza kusaka rafiki mkubwa. Mwaka 1867 Mjerumani Richard Brenner alipopita Witu, Simba aliomba ulinzi kupitia kwake. Haikuzaa kitu. Akangoja karibu miaka 20. Aprili 1885 akawapa ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, kipande cha ardhi, na mwezi uliofuata Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya ulinzi wake. Sultani Barghash wa Zanzibar akawaka, lakini manowari za Kijerumani zilipotia nanga mbele ya jumba lake, akapoa.

Simba alikuwa ameshinda, ama ndivyo ilivyoonekana. Akafariki kabla miaka ya 1880 kuisha, na Fumo Bakari akarithi kiti pamoja na ile karatasi ya ulinzi.

Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza wakapiga dili huko Ulaya. Wajerumani wakapata Heligoland, kisiwa kidogo Bahari ya Kaskazini ambacho hakifiki hata kilomita mbili mraba. Kati ya vitu walivyoachia Waingereza, Witu ilikuwemo. Hakuna msee wa Witu aliyeulizwa.

Moto ukawaka haraka. Septemba hiyo hiyo, Mjerumani Andreas Küntzel alizozana na watu wa Witu, risasi zikapigwa, akauawa pamoja na wenzake kadhaa. Oktoba wanamaji wa Uingereza wakaja, wakauteketeza mji. Fumo Bakari alitorokea msituni na mapema 1891 akafa. Mji uliowaficha watoro, sultani wake naye akawa mtoro.

Kwangu mimi, Simba alicheza karata zake vizuri kuliko wengi. Aliwasoma Mabusaidi miaka yote hiyo bila kushikwa. Kosa lake ni kuamini kwamba mtu akikulinda, basi anakujali. Watoro walimlinda kwa sababu Witu ilikuwa nyumbani kwao. Berlin ilimlinda mpaka ikapata kitu ilichotaka zaidi.

Kwa hivyo ukipita Witu, usilale.